Hesabu ya Mbakaji

Msikilizaji, mada ya leo ni ya watu wazima, na nitaianzia mbali kidogo, kwenye jimbo la Rhode Island, dogo kuliko yote nchini Marekani, lenye wakazi wapatao milioni moja. Mwaka 1980 wabunge wa jimbo hilo waliifanyia marekebisho sheria ya ukahaba. Walitaka kushusha uzito wa kosa ili kesi zisikilizwe upesi na barabara zisafishwe. Katika kukata na kushona, kifungu kilichokataza tendo lenyewe kikadondoka, kikabaki kile kinachokataza kutafuta wateja barabarani. Zaidi ya miaka 20 ikapita bila watu wengi kugundua. Mwaka 2003 ndipo upande wa utetezi, katika kesi iliyotokana na msako kwenye nyumba za masaji mjini Providence, ulipoisoma sheria kama ilivyoandikwa, na mahakama ikakubali: kuuza ngono ndani ya nyumba hakukuwa kosa. Ikawa hivyo hadi Novemba 2009, Gavana Donald Carcieri aliposaini sheria ya kuziba pengo.

Miaka hiyo sita iliwavutia wachumi wawili, Scott Cunningham na Manisha Shah. Tatizo la kila anayetaka kupima athari za sheria ni kwamba sheria haibadiliki yenyewe. Hubadilika kwa sababu jamii imebadilika, au kwa sababu limetokea tukio lililowaudhi watu, na baadaye ni vigumu kujua kilicholeta tofauti ni sheria au ni yale yaliyoizaa. Rhode Island ilibadilika kwa uzembe wa waandishi wa sheria na umakini wa mawakili, bila kampeni wala maandamano. Wachumi hao wakachukua takwimu za majimbo mengine, wakazichanganya mpaka wakapata Rhode Island ya kufikirika iliyofanana na ile ya kweli katika miaka ya kabla ya 2003, kisha wakatazama jinsi mbili hizo zinavyoachana. Matokeo yao yalitoka kwanza mwaka 2014 na kuchapishwa katika jarida la kitaaluma mwaka 2018. Ubakaji ulioripotiwa polisi ulishuka kwa takriban asilimia 30 kulingana na kilichotarajiwa, na kisonono kwa wanawake kikashuka kwa takriban asilimia 40. Na biashara yenyewe, tusifichane, ilipanuka.

Maelezo yaliyoshika kasi baada ya hapo ni yale ambayo hata vijiweni kwetu yanasikika: kwamba tamaa ya mwanamume ni kama maji ya bwawa, usipoyafungulia mlango yatabomoa kingo. Wape wanaume mahali pa kununua, nao hawatabaka. Ni maelezo mepesi kuyakumbuka, yanampendeza mwenye danguro na yanampendeza pia mwanamume anayetaka kusamehewa. Nadhani si sahihi. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Umoja wa Mataifa uliowahoji wanaume zaidi ya 10,000 katika nchi sita za Asia na Pasifiki, zikiwemo Bangladesh, Kambodia na Papua New Guinea. Waliokiri kubaka waliulizwa sababu, na zaidi ya asilimia 70 walitoa jibu la aina moja: walijiona wana haki ya mwili wa mwanamke, atake asitake. Tena waliowahi kununua ngono walionekana kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wamebaka kuliko wale ambao hawajawahi. Kama mlango wa bwawa ungefanya kazi, tungetarajia kinyume chake. Shirika la Afya Duniani nalo limeeleza mara nyingi kwamba sehemu kubwa ya ukatili dhidi ya wanawake hufanywa na mume au mpenzi, yaani mtu ambaye kwa hesabu ya bwawa hakosi pa kwenda. Jimbo la Nevada limeruhusu madanguro katika baadhi ya wilaya zake kwa miongo mingi, na bado kiwango chake cha ubakaji unaoripotiwa kimekuwa juu ya wastani wa Marekani. Peke yake Nevada haithibitishi kitu, kwa kuwa ina mengine mengi yanayoitofautisha, lakini inatosha kumnyima mtu uhakika.

Basi ni nini kilichoshusha takwimu za Rhode Island? Hoja yangu ni kwamba sheria ya ukahaba haigusi sana tamaa ya mbakaji. Inachogusa ni hesabu yake. Mbakaji huchagua. Huangalia nani yuko peke yake, nani ataogopa kusema, na nani hata akisema hataaminiwa. Sheria inayomfanya mwanamke kuwa mhalifu kabla hajafika kituoni inampatia mbakaji orodha ya watu wa kuanzia. Na anayeanzia hapo bila kukamatwa haishii hapo. Ndiyo maana ulinzi wa wanawake wachache wanaouza ngono unaweza kuonekana katika takwimu za mji mzima.

Kesi ya Vancouver, Kanada, inalionyesha hili kwa namna inayoumiza. Tangu miaka ya 1990 wanawake walikuwa wakipotea kutoka mtaa wa Downtown Eastside, wengi wao maskini, wengi wa jamii za wenyeji wa asili wa Kanada, wengi wakiuza ngono barabarani. Machi 1997 mmoja wao alifanikiwa kukimbia kutoka shamba la nguruwe la Robert Pickton akiwa na majeraha ya kisu. Pickton akashtakiwa kwa kujaribu kuua. Januari 1998, kabla kesi haijasikilizwa, mashtaka yakasitishwa; mwanamke huyo alikuwa mtumiaji wa dawa za kulevya, na upande wa mashtaka ukaona hangefaa kuwa shahidi. Pickton akarudi shambani kwake. Alikamatwa Februari 2002, na 2007 akatiwa hatiani kwa mauaji ya wanawake sita, ingawa mabaki na vinasaba vya wengine wengi zaidi vilipatikana shambani. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Wally Oppal ikatoa ripoti yake 2012 na kuwalaumu polisi kwa kuwapuuza waliopotea kwa sababu ya walivyokuwa. Shahidi alikuwepo, jeraha lilikuwepo, jina la mtuhumiwa lilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kumhesabu mwanamke yule kuwa raia kamili.

Mahakama ya Juu ya Kanada iliikumbuka Vancouver Desemba 2013, ilipoamua kesi ya Bedford. Majaji wote tisa walikubaliana kufuta vifungu vitatu: kile cha kuendesha danguro, kile cha kuishi kwa kipato cha ukahaba, na kile cha kuzungumza na mteja hadharani. Angalia hicho cha tatu kwa karibu. Mwanamke anayesimama usiku kando ya barabara ana dakika chache za kumpima mtu aliyeteremsha kioo: amelewa au hajalewa, yuko peke yake au kuna mwenzake amejilaza kiti cha nyuma, wanakwenda wapi, atatumia kondomu au hatatumia. Sheria inayoadhibu mazungumzo hayo haiondoi biashara. Inayafupisha mazungumzo, na mwanamke anapanda gari kwanza, anauliza baadaye. Kuhusu madanguro, majaji walitaja nyumba ya hifadhi iliyoitwa Grandma's House, iliyokuwa Vancouver wakati huohuo wanawake wakitoweka, ambayo kisheria ilihesabika kuwa danguro. Mwanamke akaambiwa, kwa lugha ya sheria, kwamba barabarani ni hatari na ndani ni kosa.

Uholanzi inaongeza kitu kingine. Kati ya 1983 na 2004 miji tisa ilifungua maeneo maalumu ya ukahaba wa barabarani, yenye taa, doria na mahali pa kupumzika. Wachumi waliozilinganisha takwimu za miji 25 mikubwa waligundua kuwa baada ya maeneo hayo kufunguliwa, ubakaji na udhalilishaji wa kingono ulishuka kwa asilimia 30 hadi 40 katika miaka miwili ya mwanzo. Lakini baadaye miji ikaachana. Kule ambako wanawake walipewa vibali na kujulikana kwa mamlaka, upungufu uliendelea. Kule ambako eneo lilitengwa na kuachwa, ulififia. Kama ni suala la tamaa kupata pa kwenda, kibali kisingekuwa na maana yoyote, kwani mteja haulizi kibali. Kina maana kwa sababu polisi na mwanamke wanafahamiana, na mtu anayetaka kudhuru analijua hilo.

Sasa turudi kwetu. Watu wengi wanaamini kwamba sheria zetu zinasema tu kuwa ukahaba ni marufuku, basi. Uganda ndivyo ilivyo, kosa lina kifungo cha hadi miaka saba. Kenya na Tanzania ni tofauti kidogo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inamlenga anayeishi kwa kipato cha kahaba na anayeendesha danguro. Anayekamatwa barabarani mara nyingi hukamatwa kwa sheria ndogo za kaunti za kuzurura kwa nia ya ukahaba. Tanzania nayo inatumia kifungu cha 176, kinachomweka kahaba wa hadharani kundi moja na wazururaji na wavivu. Ni sheria za kurithi, za mkoloni aliyetaka mji wake uonekane nadhifu. Kinachozifanya ziwe hatari ni wepesi wake. Kuzurura hakuhitaji ushahidi, hakuhitaji mlalamikaji, kunahitaji karandinga na askari. Mwanamke anapakiwa usiku, na kati ya barabara na mahabusu kuna nafasi kubwa ya kuachiwa kwa kutoa kitu. Akiwa na hela, hela. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 kuhusu Tanzania iliandika kile kinachotokea asipokuwa nazo: wanawake walieleza kubakwa na polisi na sungusungu ili waachiwe. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti wa nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo, uliwakuta polisi wakichukua kondomu mikobani kama ushahidi wa ukahaba, kiasi kwamba baadhi ya wanawake waliona salama zaidi kutoka bila kondomu.

Mwanamke huyo akibakwa na mteja, tazama njia anayopaswa kupita. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ni lazima zianze ndani ya saa 72. Fomu ya PF3, ambayo ndiyo kiungo kati ya hospitali na kesi, inatolewa kituo cha polisi. Kenya wana P3 yao. Hata pale daktari anapokubali kumtibu kwanza, kesi haisogei bila fomu. Kwa hiyo anatakiwa kwenda kaunta ileile, pengine kwa askari yuleyule aliyempakia wiki iliyopita, aeleze alikuwa wapi saa nane usiku na alikuwa akifanya nini. Akisema kweli, amekiri kosa. Akidanganya, wakili wa utetezi ataukamata uongo huo kortini na kesi itaanguka. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya 2006 ina kifungu kizuri kinachozuia historia ya kingono ya mlalamikaji isitumiwe dhidi yake bila idhini ya mahakama. Kifungu hicho hakimsaidii mtu ambaye hakufika mahakamani. Jarida la Lancet mwaka 2014 lilichapisha makadirio yaliyotumia takwimu za Kenya: kuondoa ukatili wa kingono dhidi ya wanawake wanaouza ngono, bila kubadilisha kitu kingine, kungezuia takriban asilimia 17 ya maambukizi mapya ya VVU kwao na kwa wateja wao katika muongo mmoja. Wenyewe walikiri kuwa kiwango halisi kinaweza kuwa pungufu au zaidi. Na wateja, msikilizaji, wana wake nyumbani.

Nasikia pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: hizi zote ni takwimu za ubakaji ulioripotiwa. Je, si kwamba watu wameacha tu kuripoti? Fikiri hivi. Sheria inapomwondolea mwanamke hofu ya kukamatwa, matarajio ni kwamba ataripoti zaidi, na takwimu zipande. Rhode Island zilishuka. Ikiwa kuna kosa katika kipimo, basi huenda linaficha sehemu ya upungufu badala ya kuutia chumvi. Kisonono nacho hakiendi polisi. Kinapimwa maabara, na kilielekea upande huohuo. Hata hivyo sitaki kuifanya Rhode Island peke yake kuwa ulimwengu. Ni jimbo dogo, ni miaka sita, na asilimia 30 ya pale haitahamia Mbeya au Kisumu kama ilivyo. Ninachochukua kutoka huko ni mwelekeo, na kwamba mwelekeo huo unakubaliana na Uholanzi na unaelezeka kwa kilichotokea Vancouver.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na wanaolitoa mara nyingi ni wanaharakati wa haki za wanawake. Wanasema usimwadhibu anayeuza, mwadhibu anayenunua, kama Sweden ilivyofanya kuanzia 1999, ikafuatwa na Norway, Iceland, Ufaransa na nyingine. Wanaongeza kwamba biashara ikihalalishwa huvuta walanguzi wa watu, na wana ushahidi: uchambuzi uliochapishwa 2013 ukitumia takwimu za nchi zaidi ya 100 ulionyesha kuwa nchi zilizohalalisha ukahaba huripoti uingizaji mkubwa zaidi wa wahanga wa usafirishaji haramu. Sipuuzi hilo. Tathmini ya serikali ya Sweden ya mwaka 2010 ilisema ukahaba wa barabarani ulipungua kwa nusu, na hiyo si habari ndogo. Lakini swali letu ni ubakaji, na hapo Sweden haitupi jibu safi. Ubakaji unaoripotiwa umepanda, ila nchi hiyo ilipanua tafsiri ya ubakaji 2005, ikaipanua tena 2013, na 2018 ikaifanya ridhaa kuwa msingi wa sheria. Kuna mtafiti aliyejaribu kutenganisha mambo hayo na kuhitimisha kuwa marufuku ya kununua yaliongeza ubakaji. Wengine wana shaka. Ireland ya Kaskazini ilipoiga Sweden mwaka 2015, tathmini iliyoagizwa na serikali yenyewe miaka minne baadaye haikuona kupungua kwa biashara. Mantiki ya barabarani inaeleza kwa nini kumwadhibu mteja hakumlindi mwanamke. Mteja anayeogopa kukamatwa ndiye anayetaka mazungumzo mafupi, mahali pa giza na jina la uongo. Mteja mwoga zaidi, mwenye kazi na familia, anaondoka. Anayebaki ni yule asiyejali, na mwanamke mwenye wateja wachache hana nguvu ya kumkataa.

New Zealand ilichukua njia nyingine, ya kuruhusu, mwaka 2003, kwa kura 60 dhidi ya 59, mbunge mmoja akijizuia. Kinachonivutia katika sheria yao si ruhusa, ni kifungu cha 17: mtu anaweza kukataa kutoa huduma ya ngono, au kukataa kuendelea, wakati wowote, hata kama amesaini mkataba na hata kama amelipwa. Kumlazimisha au kumtisha kunaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 14. Mwaka 2014 chombo chao cha haki za binadamu kiliamuru mwanamke aliyekuwa akifanya kazi katika danguro la Wellington alipwe dola 25,000 za nchi hiyo kwa sababu meneja alimsumbua kwa maneno ya kingono. Wapo watakaocheka, kwamba kahaba naye ananyanyaswaje kingono? Kicheko hicho ndicho mtaji wa mbakaji. Ila New Zealand nao waliacha tundu: wageni wenye viza ya muda hawaruhusiwi kufanya kazi hiyo, na wanawake hao wamebaki na hofu ya kwenda polisi ileile ambayo wenzao wameondolewa.

Pingamizi la tatu ni la dini na maadili, na kwetu ndilo la kwanza, tusidanganyane. Misikiti na makanisa hayatabadili msimamo kwa sababu ya jarida la uchumi, wala sidhani wanapaswa. Lakini hakuna dini ninayoijua inayosema zinaa ya mwanamke inahalalisha kubakwa kwake. Anayeamini kuwa ukahaba ni dhambi na anayeamini kuwa ni kazi wanaweza kukutana mahali pamoja bila yeyote kuacha imani yake: kwamba aliyebakwa aandikiwe PF3. Ni kweli serikali ina haki ya kutunza heshima ya barabara zake. Haina haki ya kuitunza kwa kumkabidhi mwanamke kwa anayewinda.

Wala serikali haihitaji kuhalalisha biashara ndipo ianze kumlinda. California haijahalalisha ukahaba, lakini mwaka 2019 ilipitisha sheria kwamba anayeripoti ubakaji, shambulio, kudaiwa fedha kwa vitisho au usafirishaji haramu, akiwa mhanga au shahidi, hawezi kukamatwa kwa ukahaba kutokana na ripoti hiyo, na kuwa na kondomu si sababu ya kumkamata mtu. Hapa kwetu msingi wa kisheria umeshawekwa. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakinzana na Mkataba wa Afrika, ikazitaka nchi zizipitie upya. Kifungu cha mistari miwili, kinachosema maelezo ya mlalamikaji wa ubakaji hayatatumika kumshtaki kwa uzururaji au ukahaba, kingeweza kuingia katika Kanuni ya Adhabu bila kuhitaji bajeti. Madawati ya jinsia yapo vituoni, maofisa wake wamefundishwa, dawa ziko hospitalini. Kama kitaandikwa, kiseme wazi kuwa kinamhusu pia asiye raia. Mwanamke wa Burundi aliyeko Kigoma au wa Uganda aliyeko Nairobi anaogopa uhamiaji kuliko anavyomwogopa aliyembaka, na aliyembaka anajua hivyo.